Sinema ya Mafundi Kwenye Pagale la Segerea

Hadi leo siwezi kupita penye nyumba mpya iliyomwagiliwa maji nikaendelea na safari yangu kama mtu mzima mwenye akili zake. Ile harufu ya plasta mbichi ikinipiga puani, nasimama. Juzi nimesimama hivyo hapa Kiwalani, mbele ya fremu za maduka za mtu ambaye hata simjui, mpaka kijana mmoja mwenye ndoo akaniuliza, "Mama, unamtafuta fundi?" Nikamwambia hapana, napita tu. Uongo mtupu. Fundi namtafuta, ila wa kwangu tumeshamzika.

Baba alikuwa fundi mwashi, mtu wa Newala. Nyie wenzangu wa rika langu mliokulia pembezoni mwa mji mnaijua ile desturi. Mtu anajenga nyumba yake kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na ili asiibiwe mbao na mabati anatafuta mtu wa kukaa humo ndani alilinde pagale. Sie ndio tulikuwa watu wa kuwekwa. Mchana baba anajenga, jioni tunalala humo humo alimojenga. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga, sina hata sura yake kichwani. Ndugu wa baba walitaka anirudishe kwa bibi, akagoma. "Huyu nitakaa naye mwenyewe," aliwaambia, na kwa baba, ambaye maneno alikuwa anayatoa kwa kupima, hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Watu wakisikia nimekulia kwenye majumba ya vyumba vinne vitano wanadhani nilikuwa nadeka. Nadeka wapi! Sikuwahi kuwa na mlango. Tulilala kwenye chumba ambacho siku hiyo hakina kazi. Mafundi wakianza plasta ya chumba cha wageni, tunakunja mkeka tunahamia jikoni. Wakija jikoni, tunahamia stoo. Madirishani tulitundika mifuko mitupu ya saruji, na upepo ukivuma inachezacheza mpaka asubuhi. Nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kumwagilia kuta, maana ukuta mpya ukikauka haraka unapasuka. Nilikuwaga nazungumza na vile vyumba. Ndani ya nyumba isiyo na kitu sauti inarudi, basi naita "Somoe!" na chumba kinaniitia jina langu, naona nina mwenzangu.

Rafiki wa maana sikuwa nao. Nikianza tu kumzoea mtoto wa jirani, nyumba imefika hatua ya rangi. Nyie hamjui jinsi nilivyoichukia rangi. Kwa watoto wengine rangi mpya ni sikukuu, kwangu ilikuwa dalili ya kufungasha. Nyumba ikiwa mbovu, imejaa vifusi, mbu na misumari, ni ya kwetu. Ikianza kupendeza ni ya mwenyewe. Nilihama shule mpaka walimu wakawa hawashiki jina langu, wananiita "wewe mgeni."

Sasa pagale ninalotaka kulieleza ni la Segerea. Mwenyewe tulimwita Injinia, mafundi wote na mie pia. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani mizito, na ujanani alisomea Urusi, enzi za Sovieti yao. Kila akija kukagua kazi lazima Urusi itajwe. Ukimwonyesha msingi, atakwambia Urusi wanachimba mpaka wapi. Ukimwonyesha mchanga, atausugua vidoleni, atatikisa kichwa. Mkewe, Mama Neema, alikuwa amezichoka zile habari, na mumewe akianza tu "kule Urusi" yeye anageuka kuangalia mabati.

Mafundi walikuwa wanapikiwa na Dada Namsifu. Alikuwa Mpare wa milima ya Same, Mkristo safi, anaishi kwa kaka yake hapa hapa Kiwalani, na kila asubuhi anapanda na sufuria zake mpaka Segerea. Alikuwa mnene kidogo, ana mwanya, na akicheka anafunika mdomo kwa upawa. Chakula chake hakikuwa na maajabu, ugali na maharage, siku za neema dagaa. Lakini yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza nikitoka shule, "Leo wamekufundisha nini?" Na akiuliza anasubiri jibu. Alinisuka nywele nikiwa nimekaa juu ya tofali katikati ya miguu yake, huku mkono wake unanukia vitunguu. Hapo nilitulia tuli. Nilijifanya ananivuta nywele ili arudie upya.

Na baba? Baba alimjengea jiko. Siku moja baada ya kazi akaokota vipande vya tofali vilivyobaki, akamjengea Dada Namsifu jiko la mafiga matatu kule uani, akalipiga plasta, akalipima kwa timazi, kisha akalipiga na niru, ule uji wa saruji tupu wa kulainishia, mpaka likang'aa. Jiko la kuni! Asubuhi mafundi walipoliona walikaa chini kwa kicheko. Saidi, kibarua wa zege, ndiye aliyekuwa na domo kuliko wote. "Fundi, bado silingibodi tu hapo," akasema. "Mwenye nyumba akiliona hili atahamia yeye." Baba akaendelea kuchekecha mchanga. Dada Namsifu akalizunguka lile jiko mara mbili, akalipapasa, akasema, "Sasa hili mtu ataliwashia moto kwa roho gani?" Siku ile alipika nje ya jiko, chini, kwenye mawe. Kesho yake ndiyo akaliwasha, na tangu hapo ukoko wa ugali ulikuwa wa baba peke yake.

Mie niliyaona yale na nikajua ninachokitaka. Nilitaka Dada Namsifu asiwe anaondoka jioni. Kila saa kumi alikuwa anaosha sufuria, anazifunga kwenye kitenge, anasema "Haya, tutaonana," na ule ua unakuwa mkubwa ghafla. Nilikuwa nabaki nimekaa kwenye lile jiko lenye joto mpaka lipoe. Nilitaka siku moja aseme amechoka, alale, na kesho yake asahau kuondoka. Hilo ndilo nililokuwa nikimwomba Mungu, na nilimwomba kweli kweli.

Ndipo ikaja siku ya kupaua. Bati la mwisho likishapigiliwa, mwenye nyumba anawapikia mafundi pilau, hilo linajulikana. Injinia yeye akaongeza lake. Alikuja na jenereta nyuma ya pikapu, televisheni na deki, akasema, "Leo nataka mwone mafundi wenzenu wa Urusi wanavyofanya kazi." Alikuwa na kanda aliyorudi nayo na kuitunza miaka yote hiyo. Alisema ni sinema waliyokuwa wakiipenda sana wanafunzi wa ujenzi kule. Jina lake alilitaja kwa Kirusi, silikumbuki, na sijawahi kulitafuta. Tulijaa sebuleni, wengine juu ya ndoo, wengine juu ya mbao, Mama Neema kwenye kiti pekee kilichokuwepo. Dada Namsifu alikaa mlangoni na sufuria lake la pilau mapajani. Baba alisimama nyuma yake, ameegemea ukuta aliousimamisha mwenyewe.

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye ile sinema ni saruji. Saruji imemwagika dunia nzima, juu ya mapaa, njiani, kwenye miti, hadi kwenye kofia za watu. Nikamnong'oneza baba, "Mbona wanaimwaga hivyo?" Baba akakodoa macho kidogo, akasema, "Wanayo nyingi." Injinia akatusikia, akacheka, akasema ile ni theluji, ni baridi. Sikumwamini. Nani ajenge kwenye baridi la namna hiyo? Na kila mtu alikuwa anatoa moshi mdomoni, hadi wanawake, hadi mtoto mmoja aliyebebwa, nikajua basi huko wote wanavuta sigara na hakuna anayewakataza.

Ilikuwa sinema ya mafundi kweli. Wanajenga majumba marefu, na wenyewe wanalala kwenye mabehewa ya treni yaliyoegeshwa, nguo zimetundikwa kwenye kamba katikati. Hapo niligeuka nikamtazama baba. Kumbe hata huko mafundi wanajenga na hawana pa kulala! Nilifurahi mno, nikaona tuna ndugu. Kulikuwa na mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, anapiga plasta, na kijana mmoja anayeendesha winchi kule juu, na kila akishuka anamtafuta yule wa plasta kwa macho.

"Alaa! Wanawake wanapiga plasta!" Saidi akapiga kelele.

"Kwani maji ya kukandia zege lako anakuchoteaga nani?" Dada Namsifu akamjibu bila kugeuka, chumba kizima kikaangua kicheko.

"Anaushika mwiko vizuri yule," baba akasema. Mafundi wakamgeukia, maana baba kumsifia mtu mkono haikuwa jambo la kila siku.

Tafsiri ilikuwa ya Injinia. Yakija mambo ya kazi alikuwa anatafsiri mpaka unachoka. "Hapo anamwambia msimamizi zege limeganda, itabidi lipashwe moto, na msimamizi anamwambia ratiba hairuhusu." Lakini wale wawili wakikaa peke yao, nyuso zimekaribiana, wanaongea kwa sauti ya chini muda mrefu, Injinia anakohoa, anapandisha miwani, anasema, "Hapo wanasalimiana."

"Salamu ndefu hizo, Injinia!" Saidi akasema.

"Wana baridi," Injinia akajibu, na Mama Neema akaguna.

Leo namwelewa. Mle ndani kulikuwa na mtoto, kulikuwa na watu wazima wenye ndevu zao, kulikuwa na mkewe. Mtu mwenye adabu zake angekaaje mbele ya mkusanyiko ule atamke kwa Kiswahili kwamba huyu anamwambia mwenzake hawezi kuishi bila yeye? Heshima ilimfunga mdomo. Ila mie nilichukua kila alichosema kama kilivyo. Nikajua wale wanasalimiana, na kwamba mwanamume na mwanamke wa kazi moja wakisalimiana vya kutosha, mwishowe wanakaa pamoja. Nikaanza kuhesabu salamu za baba na Dada Namsifu, nikaona hazijafika mbali.

Karibu na mwisho jumba lilikamilika, watu wanashangilia, wanaimba. Halafu yule mwanamke akaonekana ametoka kwenye behewa na sanduku mkononi. Anakwenda stesheni. Yule kijana akapata habari, akakimbia, anateleza, anaanguka, anainuka. Akaikuta treni inaanza kuondoka, akawa anapiga kioo kwa kiganja, na mwanamke yuko ndani midomo inacheza. Treni ikaongeza mwendo, kijana akasimama. Tukamngoja Injinia atafsiri. Nikamgeukia nikaona amevua miwani ameishika mkononi.

"Injinia," nikamuuliza, "yule anakwenda wapi?"

"Anakwenda kuchukua vitu vyake," akasema.

"Atarudi?"

"Atarudi. Si wamepata chumba?" Akainama akazima deki kabla maandishi hayajaisha, akasema jenereta imepata moto.

Basi mie nikalala usingizi wa raha siku ile. Nilikuwa nimejifunza jambo la watu wazima.

Mvua za vuli zilikuwa zimekaribia Dada Namsifu alipokuja siku moja mchana bila sufuria. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, ana begi. Baba alikuwa juu ya jukwaa anapiga plasta ukuta wa mbele, na nyie mnaowajua mafundi mnajua, plasta ikishatupwa ukutani haimngoji mtu. Ukiiacha imekauka, umeiharibu. Kwa hiyo baba hakushuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha pipa la maji, nawasikia wote wawili.

"Fundi, naenda nyumbani," akasema. "Kaka anasema mwanamke hakai miaka kwenye saiti za watu. Na huko kuna mtu ameleta posa."

Mwiko wa baba ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. "Haya," akasema. "Safari njema. Wasalimie."

"Ndiyo hayo tu?"

"Niseme nini tena, dada?"

Dada Namsifu alisimama pale chini muda, anatazama kisogo cha baba. Halafu akanijia. Akanikumbatia, akaniambia nisiwe naacha miguu nje ya shuka, mbu wa Segerea hawana dini. Mie hata sikulia. Nililiangalia lile begi, nikamuuliza, "Unaenda kuchukua vitu vyako?"

Alinitazama kama ameulizwa kwa lugha asiyoijua. Akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja kwa kuwa upawa hakuwa nao, na macho yake yakajaa. "Ndiyo, mama," akasema. "Naenda kuchukua vitu vyangu." Akaondoka kuelekea kituoni.

Baba alimaliza ule ukuta mpaka mwisho. Aliposhuka alinawa mikono muda mrefu sana.

Nilianza kusubiri siku ile ile, tena kwa furaha. Nililifagia lile jiko majivu yote. Usiku nilikuwa najibana upande mmoja wa mkeka ili iwepo nafasi. Mafundi wakiuliza nani atawapikia, nawajibu kwa kujiamini, "Dada Namsifu kaenda kuchukua vitu vyake." Saidi alimtazama baba, akaokota koleo akarudi kwenye zege lake. Baba hakunikatalia. Nikisema "Dada akirudi," yeye anaitikia "Enhe," anaendelea na kazi. Nilikuwa nakwenda kusimama njia panda zinapogeuzia gari, natazama kila anayeshuka na mzigo. Mvua zikaja, zikanikuta pale pale njia panda na mfuko wa saruji kichwani. Wanawake wengi walishuka na mizigo. Nilikuja kuwajua kwa miguu, maana miguu ndiyo inatangulia kutoka mlangoni.

Upweke ule sijui niuelezeje. Zamani nilikuwa peke yangu na sikujua kama kuna namna nyingine ya kuishi. Sasa nilikuwa nimejua. Chumba kikiniitia jina langu naona kinanicheka. Nikaacha kuviita.

Kisha wakaja watu wa rangi.

Niliona ndoo za rangi zinashushwa nikajua. Nikamwambia baba hatuwezi kuondoka, Dada akirudi atatukuta wapi? Baba akasema, "Tutaona." Siku ya kuondoka ikafika. Injinia alikuja na pikapu yake atupeleke Kibamba, kuna pagale jingine baba alikuwa amepata kupitia kwa fundi mwenzake. Vitu vyetu vilijaa kona moja tu ya ile pikapu. Mie nikaenda kukaa juu ya jiko, nikakumbatia magoti, nikasema siendi. Baba akaniita kwa upole, nikagoma. Akaja Injinia, akachuchumaa mbele yangu na suruali yake iliyopigwa pasi.

"Somoe, tatizo nini?"

"Namsubiri Dada Namsifu. Kaenda kuchukua vitu vyake, kama yule wa kwenye sinema yako. Wewe mwenyewe ulisema atarudi. Alirudi?"

Injinia akageuka akatazama nyumba. Mama Neema alikuwa ndani anapima mapazia. Akanirudishia uso, akasema taratibu, "Hakurudi, mwanangu."

"Ulisema atarudi!"

"Nilisema. Alichosema yule ndani ya treni ni kwamba asimfuate. Mimi ndiye niliyekuwa nataka arudi."

Sikuwa na umri wa kuelewa mtu mzima ananiambia nini pale. Nilielewa neno moja tu, hakurudi, na nikalia kilio ambacho majirani walitoka kuja kuangalia. Nilipoinua kichwa nilimwona baba amesimama na kamba ya kufungia mkeka mkononi. Alikuwa amesikia yote. Uso wake ulivyokuwa ndiyo nikajua kwamba kumbe tulikuwa tunasubiri wawili. Ile "Enhe" yake haikuwa ya kunibembeleza. Na yeye alikuwa ameishikilia kauli ya Injinia, mtu mzima na akili zake.

Alinibeba mpaka kwenye gari, mie mkubwa vile. Tukashika barabara ya Morogoro. Tulipopita Kimara tukaanza kuuacha mji, baba akasema, kama anajibu swali la mtu, "Ningemweka wapi, mama? Ningemwambia baki, abaki wapi? Kwenye nyumba ya Injinia?"

Kibamba kulikuwa na baridi na miti mingi na hakuna jirani hata mmoja. Wiki ya kwanza bado nilikuwa nasikiliza magari barabarani. Halafu siku moja jioni, mvua bado hazijakatika, nikaona sisikilizi. Nililala katikati ya mkeka, nikanyoosha miguu. Hivyo ndivyo nilivyoacha, hakuna aliyeniambia niache.

Baba hakuoa. Alijenga nyumba nyingine nyingi za watu, na uzee ulipomfika nilimchukua nikakaa naye hapa Kiwalani kwenye vyumba vyangu viwili. Alipofariki nilikuta wajukuu wa mafundi wake wamejaa uani, watu ambao hata siwajui. Saidi, sasa mzee mwenye mkongojo, ndiye aliyepeleka habari kwa kila aliyemkumbuka.

Siku ya arobaini, watu wameshakula na wameanza kupungua, akaingia mama mmoja mtu mzima, amejifunga kitenge, anashikwa mkono na kijana. Aliketi mkekani, akanitazama, akatabasamu, nikauona mwanya. Nilishindwa hata kumpa shikamoo. Yeye ndiye aliyeanza.

"Somoe, bado unalala miguu nje?"

Tulilia kwanza, tukamaliza. Akanieleza maisha yake, kwamba aliolewa huko Same, mume ameshatangulia, sasa anakaa Kinyerezi kwa huyu kijana wake. Akauliza kama baba alioa, nikamwambia hakuoa. Akatikisa kichwa, akachezea pindo la kitenge.

"Mie nilirudi, unajua?" akasema.

"Ulirudi wapi, Dada?"

"Segerea. Siku ile niliondoka nimekata tamaa kabisa, baba yako hata kugeuka hakugeuka. Lakini uliponiuliza lile swali lako nilipanda gari nalo. Njia nzima najiuliza, kwani nikichukua vitu vyangu nikarudi, nani atanifukuza? Nikawaambia wazazi posa irudishwe. Walinisema mpaka nikaumwa. Nilipopona nikafunga vitu vyangu, nikaja."

"Vitu gani?"

"Godoro, mwanangu. Godoro na sufuria zangu. Nilijua hana nyumba, kwani nilikuwa kipofu? Pagale linatosha watu watatu." Akajifuta uso. "Nikamkuta mke wa Injinia mlangoni, nyumba imepakwa rangi nzuri, mapazia yanapepea. Akaniambia fundi amehama, Injinia yuko safarini, na yeye hajui fundi alikokwenda, labda kwao Newala. Nilikaa pale kwenye ngazi na godoro langu mpaka jua likapungua, nikitegemea atapita hata mtoto mmoja anijulishe."

Nikamuuliza ilikuwa lini. Alikumbuka, maana mvua zilikuwa ndiyo kwanza zimekatika. Sikumwambia nilichokuwa nakifikiria, nilimshika mkono tu. Siku ile aliyokaa kwenye ile ngazi mie nilikuwa Kibamba, kando ya barabara ile ile ya Morogoro iliyomleta kutoka Same, na nilikuwa nimeshaacha kumsubiri.